Paka Msaidizi na Paa wa Unguja: Suala la Fadhila katika Ngano

Utangulizi

Wachunguzi wa fasihi simulizi wamezoea kuzipanga ngano za ulimwengu kwa nambari. Katika orodha iliyoanzishwa na Antti Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson mwaka 1928 na 1961, kisha ikarekebishwa na Hans-Jörg Uther mwaka 2004, nambari 545 ni ya ngano ipewayo jina la "Paka Msaidizi". Kiini chake ni hiki: mtu maskini hana mali yoyote ila mnyama mmoja; mnyama huyo, bila ya kuagizwa, hutambua haja ya bwana wake, akamtafutia utajiri, mke wa kifalme na jumba la kukaa.

Ngano ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja uitwao Swahili Tales, ni ya ukoo huo. Lakini mnyama wa ngano hii si paka, ni paa. Kwa mwenye kufuata orodha, tofauti hiyo ni jambo dogo: mhusika mmoja ametolewa na mwingine ametiwa mahali pake, na kazi ya ngano imebaki ile ile. Rai hii imewafanya baadhi ya wasomaji kuiona ngano ya Unguja kuwa ni mwangwi tu wa hadithi ya Ulaya, na hata madarasani huenda ikatajwa kwa ajili ya kulinganisha matukio, kisha ikaachwa.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba badiliko hilo si dogo. Ukimtoa paka ukamtia paa, swali zima la ngano hubadilika. Halibaki kuwa swali la werevu wa mnyama. Huwa ni swali la deni la mwanadamu. Ili kulithibitisha hilo, tutawatazama kwanza paka wa Ulaya, kisha paa wa Unguja, halafu tuulize kwa nini mtambaji hakumtumia paka.

Paka wa Ulaya

Toleo linalojulikana zaidi ni lile la Mfaransa Charles Perrault, lililochapishwa mwaka 1697. Humo mwana mdogo wa msaga nafaka hurithi paka peke yake, hali ndugu zake wamepata kinu na punda. Paka huomba mfuko na jozi ya viatu vya buti. Kwa vitu hivyo huwinda, humpelekea mfalme mawindo kwa jina la bwana wake, humzulia bwana huyo cheo asichokuwa nacho, na mwisho hulidanganya zimwi lijigeuze panya, akalila na kulitwaa jumba lake. Kijana huoa binti mfalme. Paka naye huwa mtu mkubwa, asikimbize tena panya ila kwa kujifurahisha.

Hadithi hii inapendeza, na sababu yake ni wepesi wake. Kila mmoja hupata sehemu yake na hakuna anayedaiwa. Paka amelipwa kwa cheo, kijana amelipwa kwa kurithi. Ukiuliza kijana huyu amefanya nini hata akastahili, hupati jibu; na Perrault hakutaki uulize.

Lakini Perrault hakuwa wa kwanza. Mwitalia Straparola aliitoa hadithi kama hii mwaka 1553, na Giambattista Basile wa Napoli akaitoa nyingine katika mkusanyiko wake uliochapishwa baada ya kufa kwake, kati ya mwaka 1634 na 1636. Toleo la Basile ndilo linalotuhusu hapa. Paka wake ni jike. Naye humpandisha bwana wake kutoka ufukarani hadi kwenye ndoa ya kifalme. Bwana huyo, katika furaha yake, huahidi kwamba siku paka atakapokufa atamhifadhi maiti yake ndani ya tundu la dhahabu. Paka hutaka kuyapima maneno hayo, akajifanya amekufa. Bwana anapopewa habari humwambia mkewe amshike mguu amtupe dirishani. Hapo paka huinuka, humsuta, kisha huondoka asirudi tena.

Hapa tayari pana jambo zito kuliko la Perrault. Basile ameona kwamba msaada huzaa wajibu, na kwamba ulimi wa mwenye kufadhiliwa ni mwepesi kuliko moyo wake. Hata hivyo, adhabu ya bwana ni maneno tu. Paka ameondoka, lakini mali imebaki, na mke amebaki. Msaliti amesutwa, naye ameendelea kula.

Paa wa Unguja

Sasa tuitazame ngano ya Unguja. Maskini wake hajarithi kitu. Kazi yake ni kuchakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja huokota thumni, na kwa thumni hiyo hununua paa kwa mtu aliyekuwa akiwatembeza paa wake tunduni akiwauza. Watu humcheka: mtu asiye na chakula chake mwenyewe atamlisha nini mnyama?

Paa humwomba bwana wake ruhusa ya kwenda kujitafutia malisho, na jioni hurudi. Jambo hili halipasi kupitwa haraka, kwani ndipo uzito wa ngano ulipo. Mnyama wa porini aliyetiwa tunduni, akauzwa, kisha akaachiwa, ana kila sababu ya kutorudi. Anaporudi, anarudi kwa hiari yake. Katika matembezi hayo huokota almasi, na badala ya kuifanya njia ya kujikomboa huipeleka kwa sultani wa mbali na kumposea bwana wake binti wa sultani huyo, akimwita bwana huyo Sultani Darai. Baadaye humtafutia nyumba, na ili kuipata hupigana na joka lenye vichwa saba na kuliua.

Kisha paa huugua. Kizee wa nyumbani hutumwa kwa bwana kumpa habari, naye bwana hujibu kwamba apikiwe uji wa mtama. Kizee huenda na kurudi, na kila anaporudi jibu ni baya kuliko la kwanza. Mke humsihi mumewe, naye hasikii. Paa hufa, akatupwa kisimani. Mke humpelekea baba yake habari, naye sultani huja, mnyama akatolewa kisimani, akaliliwa na kuzikwa kwa heshima. Usiku mke huota yuko kwa baba yake, akiamka yuko huko kweli. Mume naye huota anachakura jaani. Akiamka yuko jaani, mavumbi mwilini, anachakura.

Tazama jinsi fani inavyoitumikia dhamira. Marudio ya kizee kwenda na kurudi hayakuwekwa kwa kurefusha hadithi tu. Kila safari ni nafasi mpya anayopewa bwana ya kujirekebisha, na kila nafasi anaipoteza. Mtambaji hamsemi vibaya mhusika wake. Humwacha ajihukumu kwa majibu yake mwenyewe. Na mtama haukuchaguliwa ovyo: ni chakula kile kile alichokuwa akikichakura jaani. Anapoagiza paa apewe mtama, bwana anamrudishia mfadhili wake ufukara ambao mfadhili alimtoa. Hukumu inapofika haiwi ngeni. Yeye mwenyewe amekwisha kuitamka.

Kwa nini si paka?

Huenda ikasemwa kwamba mtambaji alimtumia paa kwa kuwa ndiye mnyama wa nchi yake. Hoja hii haitoshi. Paka hawakuwa wageni Unguja wala Mombasa wala Lamu. Methali zetu zinamjua paka sana: "Paka akiondoka, panya hutawala", "Paka hakubali kulala chali", "Paka wa nyumba haingwa". Mtambaji angemtaka paka, angempata mlangoni pake.

Methali ya mwisho ndiyo inayotupa ufunguo. Paka wa nyumba haingwa kwa sababu ni wa nyumba. Amezoea, naye amezoeleka. Akimsaidia mwenye nyumba anafanya lililo karibu na maumbile yake, kwani panya anaowakamata ni chakula chake. Msaada wake na faida yake vimeshikana, na ndiyo maana paka wa Perrault anaweza kulipwa kwa cheo na hesabu ikaisha. Tena, paka wa Perrault na wa Basile amekuja kwa urithi. Hakuna aliyetoa kitu ili ampate.

Paa amenunuliwa. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, nalo linataka kusomwa pamoja na mahali na wakati. Steere aliichapisha ngano hii mwaka 1870, na soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado liko wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na Steere mwenyewe baadaye alisimamia ujenzi wa kanisa mahali pale palipokuwa soko. Hadhira ya mtambaji, basi, ilikuwa inajua maana ya kiumbe kutolewa bara, kufungwa, kutembezwa na kutiwa bei. Hatudai kwamba mtambaji alikusudia kufumba habari za utumwa. Hapana ushahidi wa kutupa haki hiyo. Tunalodai ni kwamba hadhira kama hiyo, ikisikia habari za kiumbe aliyenunuliwa kwa thumni akamwita mnunuzi "bwana", akamjengea ufalme, kisha akatupwa kisimani alipougua, isingeweza kuisikia kama habari za viatu vya paka. Ngano inauliza: je, aliyelipa bei amemaliza deni? Nayo inajibu kwamba hajamaliza. Thumni ilinunua mwili wa paa. Fadhila yake haikununuliwa, na kwa hiyo bado inadaiwa.

Si kwamba paka hana nafasi katika maadili ya pwani. Katika mafundisho ya Kiislamu yanayojulikana sana, Mtume alisema kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani. Na kuna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mtu aliyelelewa na mafundisho hayo hashangai kuona mume wa ngano yetu akiporomoka kwa sababu ya bakuli la uji. Kiumbe uliyemweka chini ya mkono wako ana haki juu yako.

Fadhila na nia

Lipo pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Paka na paa wa ngano husema, huwaza na hukusudia. Hiyo ni tashihisi, na katika tashihisi ni rahisi kuzungumza habari za fadhila. Wanyama wa kweli je? Je, kuna deni kwa mnyama ambaye hatujui kama alikusudia kutusaidia?

Mfano mzuri ni habari za paka aliyeitwa Oscar, ambazo daktari David Dosa alizieleza katika makala aliyoitoa mwaka 2007 katika jarida la udaktari la New England Journal of Medicine. Oscar aliishi katika nyumba ya kuwatunzia wagonjwa, wengi wao wazee waliopotewa na kumbukumbu, mjini Providence, Marekani. Watumishi waligundua kwamba alikuwa akienda kujikunja kitandani kwa mgonjwa aliyekaribia kufa, wakawa wakimwona hapo huwaita jamaa za mgonjwa waje kumuaga. Wengine walidhani kwamba alivutwa na harufu ya mwili unaokaribia mwisho. Kama ni hivyo, Oscar hakuwa akimhurumia mtu. Alifuata pua yake.

Lakini mhakiki atazame jinsi habari zenyewe zilivyosimuliwa. Paka huyu hasemi neno, na kwa hiyo msimulizi anamfuata chumba kwa chumba akimfasiria hatua zake. Na katika makala hayo hayo lipo bamba lililotundikwa ukutani kumshukuru paka. Shukrani hiyo haikungoja ithibitike kwamba paka alikusudia wema. Jamaa waliofika kabla ya roho kutoka walifika kweli, na hilo lilitosha. Ni mawazo yale yale ya ngano ya Unguja: deni hupimwa kwa kile alichopokea mwenye kufadhiliwa. Kilichokuwa moyoni mwa mfadhili hakiulizwi. Mwanamke aliyemfungia paka naye hakuulizwa paka alikuwa na nia gani.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nambari 545 inazikusanya pamoja ngano ambazo hazisemi jambo moja. Perrault anausifu werevu na kuifunga hesabu kwa furaha. Basile anamsuta asiye na shukrani, kisha anamwachia mali. Mtambaji wa Unguja peke yake, kati ya hawa watatu, anayemrudisha mwenye kukosa shukrani mahali alipotolewa. Hawezi kulifanya hilo kwa paka aliyerithiwa. Anahitaji mnyama aliyenunuliwa, aliyekuwa na uwezo wa kukimbia, na ambaye hakukimbia.

Orodha za kimataifa zina manufaa yake, na mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuzijua. Lakini zinamwambia mahali pa kuitafuta ngano, hazimwambii maana yake. Anayemfundisha mwanafunzi Sultani Darai kama "Paka Msaidizi wa Waswahili" ameanza kwa jina la ngano ya watu wengine, na hatafika kwenye swali la hii. Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Ngano ya Unguja imegeuza mambo: mwenye miguu minne ndiye aliyeshukuru, na mwenye miwili ndiye aliyepiga teke.