Mkanda Usioungua

Nilipokuwa kijana nilisaidia kwenye studio moja ya picha hapa Kawe. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kutofungua mlango. Mzee mwenye studio alisafisha mikanda usiku, peke yake na dawa zake, na mkanda ukiungua mteja hakusimuliwa habari za mlango. Aliambiwa arudi kesho.

Nilimkumbuka Mzee niliposoma habari za Luna 3. Oktoba 1959 chombo hicho cha Wasovieti kilipita nyuma ya Mwezi, upande ambao wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuuona, kikapiga picha 29. Mkanda haurushwi kwa redio. Basi humo humo chomboni waliweka chumba cha giza: mkanda ukapita kwenye dawa, ukakauka, kisha ukamulikwa mstari kwa mstari na picha zikatumwa duniani kwa mawimbi. Hakuna wa kubisha hodi kule. Picha zilitoka na ukungu, madoa matupu, nami nazipenda kuliko nyingi safi zilizokuja baadaye.

Bahari yetu nayo imo. Ng'ambo ya maji haya, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia safari za anga za Mercury, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga John Glenn alipopita juu, kituo kilizungumza naye na kupokea vipimo vya mwili wake. Kituo kilikuwa na masikio. Jicho alikuwa nalo Glenn mwenyewe, kamera ndogo ya kununuliwa dukani huko Cocoa Beach, ikafungwa mpini ili aimudu akiwa amevaa glavu. Alipofika juu ya Bahari ya Hindi jua likamzamia, naye akapiga picha. Sisi wa Kawe jua hutuchwea nyuma, upande wa Goba. Baharini tunaliona likichomoza tu. Kwa hiyo namwonea wivu kidogo kwa picha ile.

Mzee alikuwa na desturi iliyoniudhi. Kabla ya picha ya rangi alimshikisha mteja karatasi nyeupe kando ya shavu na kupiga mara moja, mkanda ukipotea bure. Alisema jicho lina mazoea, karatasi haina. Sikumwelewa mpaka nilipokutana na kisa cha Viking 1. Julai 1976 chombo hicho kilituma kutoka Mirihi picha yake ya kwanza ya rangi, na wataalamu wakaitoa ikiwa na anga la buluu, kama hili la kwetu. Walipopima rangi upya, anga likawa la udongo mwekundu uliopauka. Watu wazima, wenye mashine za thamani kubwa, walikuwa wamepeleka anga la nyumbani hadi Mirihi.

Perseverance, kigari kilichotua huko tarehe 18 Februari 2021, kimebeba karatasi yake ya shavuni: kisahani chenye rangi zinazojulikana, na sumaku za kuvuta vumbi pembeni ili rangi zisifunikwe. Kamera hutazama kisahani, ndipo jiwe. Mzee angefurahi, ingawa angeuliza bei.

Ila wanaonishangaza zaidi ni wanaopiga picha roketi ikiruka. Kila mtu ameinua uso na kusahau mikono. Wao na mashine zao wanakodolea kiungo kimoja cha chuma. Januari 28, 1986, chombo cha Challenger kilipoondoka, umati uliona moto na fahari. Mikanda iliposafishwa na kukaguliwa ilionyesha moshi mweusi ukichungulia kwenye kiungo cha roketi yake ya kulia, kabla hata sekunde moja haijatimia. Chombo kilivunjika sekunde ya 73, kikiwa na watu saba.

Juzi mjukuu wangu alipiga picha ya Mwezi kwa simu pale ufukweni, akanionyesha duara jeupe kama sahani ya plastiki.

"Babu, simu mbovu hii."

"Imeungua," nikamwambia. Simu ilipima giza lote la mbingu ikadhani hakuna mwanga, kumbe Mwezi uko juani. Nikamwelekeza auguse Mwezi kwenye kioo, ashushe mwanga kwa kidole, ashikilie pumzi. Akashusha, akashusha tena. Madoa yakaanza kutokea, moja moja, kama kwenye trei ya Mzee.