Jipange, Lakini na Nani?

Ukitaka kujua Nairobi inasoma nini, usianze na maduka makubwa ya vitabu. Anza chini, kando ya Moi Avenue na Tom Mboya, pale vitabu vinapotandazwa juu ya gunia. Muuzaji baada ya muuzaji ana vilevile: Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, Think and Grow Rich cha Napoleon Hill, The 48 Laws of Power cha Robert Greene. Vingine ni mitumba, vingi ni nakala bandia. Riwaya zipo, lakini zimesukumwa pembeni, zinasubiri mwanafunzi anayetafuta kitabu cha mtihani.

Ukivichemsha vyote pamoja, kinachobaki chunguni ni kitu kimoja: dunia haina haki na haitabadilika kwa ajili yako, kwa hivyo anguka, jifunze, inuka, shughulika na maisha yako. Mtaani tuna neno moja linalobeba hayo yote. Jipange.

Sitaki kuvicheka vitabu hivi. Wasomi wengi huvidharau, na dharau hiyo ni rahisi ukiwa na mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi. Think and Grow Rich kilitoka 1937, wakati Marekani ilikuwa bado haijapona Mdororo Mkuu na watu wengi walikuwa wamepoteza kazi. Si ajabu kwamba kinauzika hapa. Angalia hii Expressway yetu iliyofunguliwa 2022. Inaanzia Mlolongo, inapita juu ya jiji kwa nguzo, inashuka Westlands karibu na James Gichuru. Mwenye pesa ya kulipia anapita juu. Sisi wa Kangemi na Uthiru tuko chini ndani ya matatu, tumekwama kabla ya Westlands, tunahesabu nguzo. Huwezi kumaliza ukosefu wa haki wa namna hiyo kabla ya kufika nyumbani. Kitabu kinachokwambia uache kutazama juu na uangalie kilicho mkononi mwako kinakupa kitu cha kweli: kinakurudishia siku yako. Wivu nao ni kazi, na hakuna anayekulipa kwa kuufanya.

Hapo tunakubaliana. Mimi nakosana na hesabu yao. Vitabu hivi vinaongea juu ya kufeli kana kwamba kufeli kuna bei moja kila mahali.

Chukua Kiyosaki mwenyewe. Mwaka 2012 kampuni yake, Rich Global, iliomba kutangazwa kuwa imefilisika baada ya mahakama kuamua inadaiwa zaidi ya dola milioni 20 na Learning Annex, kampuni iliyokuwa imemsaidia kuandaa mikutano yake. Iliyofilisika ni kampuni. Yeye aliendelea kuwa tajiri, na akaendelea kufundisha watu mambo ya pesa. Hakuvunja sheria yoyote, hivyo ndivyo sheria za makampuni zinavyofanya kazi. Lakini mazee, huko ni kuangukia godoro.

Sasa rudi huku. Hadi Aprili 2020, Mkenya aliweza kuorodheshwa CRB kama mdaiwa mbaya kwa mkopo wa simu ambao haufiki hata shilingi 1,000. Mwezi huo ndipo Benki Kuu ilipokataza watu kuorodheshwa kwa deni dogo kiasi hicho. Na cheti cha CRB ni mojawapo ya stakabadhi ambazo waajiri, hasa wa serikali, wamekuwa wakidai kutoka kwa anayetafuta kazi. Unakosa kazi, unakopa, unashindwa kulipa, unaorodheshwa, halafu deni hilohilo linakuzuia kupata kazi ya kulilipa. Hapo somo ni lipi? Kuna kufeli kunakofundisha na kuna kufeli kunakofunga mlango tu. Tofauti mara nyingi haiko kwa aliyeanguka. Iko kwa sakafu aliyoangukia.

Kitabu kilichonisaidia kuliona hili vizuri si cha motisha. Ni Kill Me Quick, riwaya ya Meja Mwangi iliyotoka 1973, miaka kumi tu baada ya uhuru, mwandishi akiwa na umri wa kama miaka 25. Vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza shule. Wana vyeti. Wanakuja jijini kutafuta kazi ya ofisi, na kazi hakuna. Wanalala vichochoroni, wanakula kutoka kwa mapipa ya taka nyuma ya maduka. Wanapata kibarua shambani, wanafukuzwa. Mbele yao kuna genge la wezi na jela.

Soma riwaya hii kama kitabu cha motisha na utashtuka. Wahusika wanafanya kila kitu wanachoshauriwa. Wanajaribu, wanaanguka, wanajaribu tena mahali pengine, hawachagui kazi. Kufeli kwao hakuwi ngazi. Kila mwanguko unawashusha chini kidogo kuliko wa kwanza, kwa sababu kila mara wanaanza upya wakiwa na nguo zilizochakaa zaidi na jina lililoharibika zaidi.

Ila kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Maina alitangulia kufika jijini, na ndiye anayemfundisha Meja namna ya kuishi: chakula kinapatikana wapi, pa kulala ni wapi. Alichojifunza Maina kwa kuumia, Meja anakipata bila kuumia kiasi hicho. Katika riwaya nzima, hiyo ndiyo faida pekee ya kufeli ninayoiona, na haimfikii aliyefeli. Inamfikia anayemfuata.

Riwaya ina kasoro. Inafunga milango kwa nguvu sana, mpaka wakati mwingine unaona mkono wa mwandishi kwenye kitasa. Msomaji aliyefutwa kazi leo anaweza kuimaliza akaamini hakuna haja ya kuamka kesho. Hapo vitabu vya barabarani vinaishinda, maana angalau vinamwamsha mtu.

Mwangi mwenyewe alipata jibu bora miaka mitatu baadaye, katika Going Down River Road. Ben aliwahi kuwa ofisa wa jeshi, akapoteza kazi hiyo, sasa ni kibarua wa mjengo kwenye jengo linaloitwa Development House. Jina lenyewe ni kejeli. Mpenzi wake, Wini, anaondoka na kumwachia mtoto wake, Baby, ambaye si damu ya Ben. Mshauri yeyote wa motisha angemwambia Ben ashughulike na yake. Ana mshahara wa kibarua, ana kiu ya pombe, hana deni lolote kwa mtoto huyo. Anabaki naye. Analalamika, anamkaripia, lakini anabaki naye, na baadaye wanaishia kubanana kwenye kibanda cha rafiki yake Ocholla. Ben hatajiriki. Hapandi cheo kwa maana ambayo Kiyosaki angeitambua. Lakini ni mtu mwingine kuliko yule tuliyeanza naye, na kilichombadilisha si kujitazama.

Naandika hivi nikiwa na sababu. Niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, karo ilishinda nyumba yetu. Tangu siku hiyo nimeambiwa mara nyingi kwamba kufeli ni mwalimu. Mwalimu wangu alikuwa jamaa mmoja aliyeacha chuo miaka miwili kabla yangu. Ndiye aliyenionyesha barua gani ya kuandika ili nafasi yangu isifutwe, na ofisi gani nisipoteze nauli kwenda. Alinionyesha pia jinsi ya kumwomba mhariri malipo bila kupiga magoti. Yote hayo yeye alikuwa amelipia. Mimi nilipewa bure, juu ya kikombe cha chai Kangemi.

Ndiyo maana nashuku pale wakubwa wanapolipenda neno letu. Kwenye uchaguzi wa 2022 neno hasla lilitoka mtaani likapanda jukwaani, na William Ruto akaingia nalo Ikulu. Mnamo 30 Novemba mwaka huo Hazina ya Hasla ikazinduliwa, mkopo wa mtu binafsi ukianzia shilingi 500. Mkopo unaweza kumsaidia mama mboga kununua nyanya za kesho, sibishi. Lakini serikali ikikwambia jipange, si sawa na rafiki akikwambia jipange. Rafiki anasema hivyo kwa kuwa hana uwezo wa kurekebisha barabara, shule na hospitali. Serikali inao, na imechukua kodi yako kwa kazi hiyohiyo.

Tarehe 25 Juni 2024 barabara hizohizo za katikati ya jiji zilijaa vijana, wakapinga Mswada wa Fedha mpaka ndani ya Bunge. Wengine hawakurudi nyumbani. Walioumia walichangiwa bili za hospitali na watu wasiowajua. Watu walioambiwa miaka yote kwamba kila mtu apambane na hali yake walikuwa wanalipia mwanguko wa mwenzao. Naamini wengi wao walikuwa na Rich Dad Poor Dad chini ya mto, na sioni mgongano hapo. Mtu anaweza kujipanga asubuhi na kumpanga mwenzake jioni.

Kwa hivyo sisemi usinunue. Nunua, piga bei, kisome ndani ya matatu mpaka ushukie. Lakini kila ukikutana na sentensi inayosifu kufeli, uliza ni nani aliyelipa gharama. Na ukishapata somo lako, usilifungie moyoni kama siri ya utajiri. Kuna mtoto wa kidato cha nne hapo Kawangware ambaye mwaka ujao atasimama palepale uliposimama wewe, na bahasha yake ya kaki. Mwambie ofisi gani asipoteze nauli kwenda.