Fundi na Sanduku la Njumu

Sanduku liko juu ya benchi la fundi mjini Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, limepinduliwa. Kitako ndicho anachokiangalia kwanza. Mbele na juu kila kizazi kimepaka rangi yake. Kitako hakuna aliyehangaika nacho, kwa hiyo kinasema kweli.

Masanduku ya njumu, yenye misumari na vipande vyembamba vya shaba, yalitengenezwa Surat na Bombay, yakavuka bahari kwa majahazi hadi Zanzibar, ambako mafundi wa pwani nao waliyaunda. Katika karne ya 19 misafara iliyopitia Tabora ilifika Ujiji, na bidhaa zikaendelea kaskazini kwa mitumbwi. Mzigo wa hamali mmoja ulikuwa kama kilo 30. Sanduku hili lingehitaji wawili na mti wa kulining'iniza. Mwaka 1914 reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma, na vitu vizito vikapata nafuu.

Fundi hataji umri upesi. Anang'oa msumari mmoja kwa koleo, anauzungusha vidoleni. Shina lake lina pembe nne na kichwa hakikulingana: umefuliwa kwa mkono. Kwenye kona anakuta wa duara, wa kiwandani, hapo palishatengenezwa. Anainamia alama za msumeno: zimenyooka, tena hazikulingana, hivyo mbao zilipasuliwa kwa mkono. Mwisho anakwangua kidogo ndani ya droo na kunusa. Mafuta ya msaji bado yapo.

Sasa ndipo anapoanza kutengeneza. Matundu ya wadudu anayapaka mafuta ya taa kwa brashi ndogo, kisha analiacha sanduku kivulini. Ufa wa kifuniko haujazi lipu. Anachagua kipande cha msaji mkuukuu, anakipiga randa, anakijaribu, anakirudia tena, mpaka kinaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, nyuzi zake zikifuata za kifuniko. Anatia gundi, anafunga kamba, anaikaza kwa kijiti na kuiacha hadi kesho yake.

Misumari iliyopotea anaiunda kwa shaba chakavu. Kichwa cha kila mmoja anakigonga polepole ndani ya kishimo cha chuma hadi kivimbe, kisha anakipitisha tupa. Shaba ya zamani anaisugua kwa ndimu na majivu, kichwa kimoja baada ya kingine, akifuta mara moja ili maji ya ndimu yasiingie kwenye mbao.

“Fundi, mbona haijang'aa?” anauliza mama mwenye sanduku, aliyelirithi kwa bibi yake.

“Mama, nikiing'arisha zaidi nitaila. Hii shaba ni nyembamba.”

Anapaka nta kwenye njia za droo tatu za chini, anazivuta na kuzirudisha. Ya katikati inakwama. Anaitoa, anapitisha randa mara moja, anairudisha. Sasa inateleza.

Kabla ya kulikabidhi anampa mama maagizo: aliweke juu ya matofali, maana sakafu za huku ziwani huvuta unyevu wakati wa mvua, asilipake vanishi, vitenge aviweke vikiwa vimekauka kabisa. Mama anayarudia yote kwa sauti, naye fundi anamsikiliza hadi la mwisho.