"Nguvu" na "Udhaifu" Katika Istilahi za Urithi

Miongoni mwa istilahi zitumiwazo kueleza urithi wa maumbile, mbili zastahili kuangaliwa upya: "jeni yenye nguvu" na "jeni dhaifu". Mbwa wa aina ya Labrador ni mfano ulio wazi. Rangi nyeusi huifunika ya kahawia. Hata hivyo, wazazi wawili weusi huweza kuzaa mtoto wa kahawia, ikiwa wote wawili wamebeba jeni ya rangi hiyo. Jeni hiyo haikuwa dhaifu, ilifichika tu. Kadhalika ng'ombe wawili wasio na pembe huweza kuzaa ndama mwenye pembe. Mfugaji wa Unguja, ambaye kwake mnyama dhaifu ni yule aliyekonda, atadhani ndama huyo ana kasoro, au kwamba amedanganywa kuhusu dume. Wala "nguvu" hapa haimaanishi ubora au wingi. Twapendekeza "jeni dhahiri" na "jeni fiche". Kwa istilahi hizo mwalimu wa Mji Mkongwe na bwana mifugo wa shamba wataelewana, na mfugaji hatamwondoa zizini mnyama mzima kwa sababu ya neno lililoteuliwa vibaya.