Karatasi Moja, Vipeperushi Vitatu

Hotuba za waliopinga ubaguzi wa rangi tunazikumbuka. Waliodurufu karatasi usiku kucha tumewasahau. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikamatwa mjini Montgomery, Marekani, kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Alabama State na kiongozi wa chama cha wanawake Weusi, aliandika tangazo. Yeye, mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili aliowaamini wakaingia kwenye chumba cha mashine ya kudurufu. Chuo kilikuwa cha serikali ya jimbo. Wangegundulika, kazi na masomo yao vingekuwa hatarini.

Aliyewahi kukata stensili anaijua kazi hiyo. Taipureta hupigwa bila utepe, herufi zitoboe nta. Ukikosea unaziba kwa dawa na kungoja ikauke. Kisha stensili huvishwa kwenye mashine, wino ukapenya matundu. Wao waliupanga ujumbe mara tatu katika ukurasa mmoja, kila karatasi ikikatwa itoe vipeperushi vitatu. Kwa hesabu hiyo walipata makumi ya maelfu ya nakala kabla ya alfajiri.

Maandishi yenyewe yanastahili kufundishwa shuleni. Parks hatajwi kwa jina: mwanamke mwingine Mweusi amekamatwa, basi. Msomaji anakumbushwa kwamba robo tatu ya abiria ni Weusi, halafu anaombwa asipande basi Jumatatu. Siku moja tu! Visingizio vimejibiwa mapema: mtoto anaweza kukosa shule siku hiyo, mfanyakazi achukue teksi au atembee. Nimesoma ilani nyingi za wanafunzi zilizojaa maneno mazito, na sijaona iliyomheshimu msomaji wake kiasi hiki.

Njia za kusambaza zilipangwa usiku huohuo. Robinson alifundisha kipindi chake cha saa mbili asubuhi, kisha yeye na wanafunzi wale wakazunguka na gari, wakiacha mafurushi shuleni, madukani, saluni na viwandani. Jumatatu mabasi yalipita karibu matupu. Watu waliendelea kuyasusia kwa siku 381, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikabatilisha ubaguzi ndani ya mabasi hayo.

Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nako kulikuwa na mafundi wa aina hii. Wanafunzi wa chama cha USARF, waliosimama na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, walidurufu jarida la Cheche kuanzia 1969 hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1970. Karatasi za namna ile huchakaa upesi. Kama mzazi wako alisoma pale miaka hiyo, fungua masanduku yake kabla hayajachomwa moto, na utakachokikuta ukipeleke maktaba.