Kalenda ya Python haina neno, ila wapimaji tunafika mwishoni

Kila Oktoba toleo jipya la Python linatoka. Tunaolitumia kuchakata data tunalishusha, tunafurahia vipya vyake, halafu kitu kikigoma tunalalamika. Swali tusilouliza ni hili: mlango wa vipya ulifungwa lini, na baada ya hapo nani alipima?

Utaratibu wenyewe ni huu. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, Python inakwenda kwa kalenda ya mwaka mmoja. Beta ya kwanza ikitoka mwezi Mei, vipya haviingii tena. Toleo linatengewa tawi lake, yaani msimbo wake unaendelea pembeni ukipokea marekebisho ya kasoro tu, huku kwenye shina kuu kazi ya toleo la mwaka unaofuata ikianza. Agosti inatoka RC, maana yake: jamani, kama hamna la kusema, tunalitoa hivi hivi.

Mimi naiunga mkono kalenda hii. Kusubiri hadi kila kitu kiwe tayari kuna gharama yake. Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, na 3.1 ikaja Juni 2005. Karibu miaka mitatu!

Sasa tazama Python 3.13. Beta ya kwanza ilitoka Mei 8, 2024, ikiwa na mfumo mpya wa kuzoa taka, yaani kufuta kwenye kumbukumbu ya kompyuta vitu ambavyo programu haivihitaji tena. Ulibuniwa ufanye kazi kidogo kidogo, ili programu isisimame kwa muda mrefu. Zikapita beta nne, zikapita RC mbili. Mwishoni mwa Septemba, siku chache tu kabla ya tarehe iliyotangazwa, ndipo ikaripotiwa kwamba Sphinx, programu ya kutengeneza nyaraka zikiwemo za Python yenyewe, imekuwa nzito mno. Mfumo ukang'olewa. Oktoba 1 ikatoka RC ya tatu, na toleo kamili likasogezwa hadi Oktoba 7.

Kuung'oa ulikuwa uamuzi sahihi: afadhali kuchelewa wiki moja. Lakini kasoro ile haikuhitaji mtaalamu wa kumbukumbu ili ionekane. Ilihitaji mtu mwenye kazi halisi na saa. Kwa nini hakupatikana kwa karibu miezi mitano?

Hapa ndipo kalenda ina tundu. Maktaba kama NumPy zina sehemu zinazokompailiwa kwa ajili ya kila toleo la Python. Ahadi kwamba kilichokompailiwa leo kitafanya kazi hadi toleo kamili hutolewa kwenye RC ya kwanza, si kabla. NumPy 2.1.0, iliyokuja na uwezo wa kufanya kazi na 3.13, ilitoka Agosti 18. Kwa hiyo tawi lilitengwa Mei, lakini mtafiti wa kawaida alibakiwa na wiki kama sita tu za kupima bila kuhangaika kujijengea maktaba.

Kusogeza tarehe ya tawi hakutaziba tundu hilo. Kinachofaa ni sharti: badiliko linalogusa mwendo wa kila programu liingie mapema, wakati wa alfa, na kama halijapimwa na kazi halisi hadi RC ya kwanza, litolewe lisubiri mwaka ujao. Lising'olewe dakika za mwisho.

Na wewe msomaji? Agosti ikifika, tenga mazingira mapya pembeni, usiguse yale unayofanyia tasnifu. Weka RC, endesha uchakataji wako wa mwaka jana, linganisha majibu na muda. Ukiona tofauti, ripoti. Ni kazi ya jioni moja, na hakuna mwingine mwenye data yako wala msimbo wako wa kuifanya kwa niaba yako.