Nyasi Zisizotajwa: Tahakiki ya Mjadala wa Waltz na Sagan

Makala haya yanahakiki kitabu cha Kenneth Waltz na Scott Sagan kuhusu kuenea kwa silaha za nyuklia, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1995. Ni kitabu chepesi kusomeka kuliko vingi tulivyopewa darasani, kwa kuwa waandishi wawili wasiokubaliana wanajibizana ana kwa ana. Nilipotakiwa kuchagua upande katika semina, nilimchagua Waltz. Leo nataka kueleza kwa nini nimemwacha, na kwa nini hata Sagan hakunitosheleza.

Hoja ya Waltz, aliyoitoa katika andiko lake la mwaka 1981, inaeleweka kwa urahisi. Dola yenye bomu la nyuklia haishambuliwi ovyo, kwa sababu mshambuliaji anajua kwamba makombora machache tu yakisalimika yatatosha kuiangamiza miji yake. Kwa hiyo, silaha hizi zikienea polepole, viongozi watakuwa waangalifu zaidi na vita vikubwa vitapungua. Nguvu ya hoja hii ni kwamba haihitaji viongozi wema. Inahitaji viongozi wenye hofu. Hilo ndilo lililonivuta.

Sagan anauliza swali ambalo Waltz analiruka: hiyo dola ni nani hasa? Bomu hutunzwa na jeshi, yaani asasi yenye mazoea, siri na maslahi yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1993, anaonyesha kwamba tarehe 26 Oktoba 1962, katikati ya mgogoro wa Cuba, jeshi la Marekani lilirusha kombora la majaribio kutoka kambi ya Vandenberg, California, kwa sababu ratiba ilikuwa imepangwa hivyo kabla. Mifano haikuishia hapo. India na Pakistan zilifanya majaribio ya nyuklia Mei 1998. Mwaka uliofuata zikapigana Kargil. Waltz anajitetea kwamba vita vile vilibaki vidogo kwa sababu ya nyuklia. Kwangu, hilo ni sawa na kumsifu dereva mlevi kwa kuwa safari hii gari halikupinduka.

Hata hivyo, baada ya wasilisho langu, mwenzetu aliyekulia Likasi, nchini Kongo, aliniuliza: “Ndugu yangu, na hiyo urani ilitoka wapi?” Sikuwa na jibu. Aliye jirani na Shinkolobwe analo. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu, lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ilichimbwa katika mgodi huo wa Katanga chini ya utawala wa Wabelgiji. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imekwisha kusafirisha zaidi ya tani elfu moja hadi New York mwaka 1940. Mradi ulikuwa wa siri, kwa hiyo wachimbaji hawakuambiwa madini yale yanakwenda kufanya nini.

Tunasema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Waltz angetujibu kwamba fahali wenye nyuklia hawapigani. Lakini nyasi za Shinkolobwe zilikanyagwa kabla fahali hawajakutana uwanjani, na katika hesabu yake ya usalama hazimo.

Huenda msomaji akasema namwonea mwandishi: kitabu kinahusu vita baina ya dola, si migodi. Pingamizi hilo linamfaa Waltz, lakini halimwokoi Sagan. Yeye ndiye aliyetufundisha kuzitazama asasi badala ya dola. Kampuni ya madini ni asasi. Serikali ya kikoloni ni asasi. Nazo zina mazoea na siri, na makosa yao huwapata watu. Kwa nini basi uchunguzi wake uishie kwenye lango la kambi ya jeshi?

Kwa maoni yangu, Sagan ameshinda mjadala, ila hakuufikisha mwisho. Njia yake ni nzuri; kilichobaki ni kuirefusha hadi shimoni. Kazi hiyo haihitaji kuwa na bomu. Inahitaji mtu awezaye kwenda Likasi na kuuliza maswali kwa Kiswahili, na wenye sifa hiyo tumo humu darasani.